Contessa 26 na Contessa 32: pima uzito kabla ya kuhesabu futi

Mtu akitafuta chombo cha tanga cha safari ndefu, swali lake la kwanza ni "futi ngapi?" Swali hilo limewapotosha wengi. Tuchukue vyombo viwili vya ukoo mmoja, vyote vya mchoraji David Sadler na yadi ya Jeremy Rogers kule Lymington, Uingereza: Contessa 26 ya miaka ya 1960, na Contessa 32 iliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vyote ni vya faibaglasi, vyembamba, na kingo zake ziko chini karibu na maji, kwa hiyo ukibisha upepo, yaani ukienda kuukabili, utalowa katika chochote kati ya hivyo.

Kile cha 26 kina urefu wa mita 7.77, upana mita 2.29, na uzito wa kilo 2,450 hivi. Kile cha 32 kina mita 9.75, upana 2.90, na uzito kilo 4,310. Urefu umeongezeka kwa robo tu, lakini uzito umeongezeka kwa robo tatu. Nanga, kamba, rangi, injini, gharama ya kupandishwa nchi kavu: vyote hivyo vinafuata uzito kuliko urefu.

Mwendo nitaupitia haraka, maana watu huupa thamani isiyo yake. Kasi ya chombo cha namna hii hufungwa na urefu wa mstari wa maji: kipeuo cha pili cha futi zake, mara 1.34. Futi 21 za kile kidogo zinatoa noti 6.1 (noti ni maili ya bahari kwa saa), futi 24 za kikubwa zinatoa 6.6. Kwa siku nzima tofauti ni maili kumi hadi kumi na mbili, na hiyo ni hesabu ya upepo mzuri usiokatika.

Mzigo ndio mambo yenyewe. Watu wawili, siku 30 baharini: maji lita 4 kwa mtu kwa siku ni lita 240, yaani kilo 240. Chakula, tuseme kilo 2 kwa mtu kwa siku, ni kilo 120. Mnyororo wa milimita 8 una kilo 1.4 kwa mita. Mita 50 ni kilo 70. Weka mafuta, nanga ya akiba, vifaa na nguo, umefika kilo 500 kabla hamjapanda nyinyi wenyewe. Kwa kile cha 26 hiyo ni sehemu ya tano ya uzito wa chombo kizima. Kwa cha 32 ni kama sehemu ya tisa. Kwa makadirio yangu, kidogo huzama sentimita moja kwa kila kilo 90, na kikubwa kwa kila kilo 125 hivi. Sentimita tano au sita si nyingi kwa macho, lakini chombo kilicholemewa huchelewa kuinuka juu ya wimbi, nalo wimbi linapanda sitahani.

Pa kuuweka mzigo pana uzito wake pia. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumbo lake la chini. Maji na makopo yakae katikati, chini kabisa. Mnyororo wote ukirundikwa omo, kile cha 26 kinachomeka pua kwenye kila wimbi. Rudisha mita 30 za mnyororo karibu na mlingoti utaona kinavyopumua.

Upande wa pili wa mizani ni nguvu za mikono yako. Tanga la mbele la mita za mraba 20, upepo wa noti 20, huvuta demani, kamba ya kulizuia tanga, kwa nguvu ya kilo 170 hivi. La mita 28 huvuta kilo 235. Upepo ukifika noti 30, zidisha kwa mbili na robo. Mtu akiwa peke yake usiku, mvua inanyesha, tofauti hiyo ataihisi begani. Ndiyo maana kwa baharia wa peke yake ningechagua kile cha 26 bila kusita. Baharia Mmarekani Tania Aebi alizunguka nacho dunia kati ya 1985 na 1987.

Cha 32 nacho kina ushahidi wake: katika Fastnet, mashindano ya matanga kutoka Uingereza hadi mwamba wa Fastnet wa Ireland na kurudi, ya Agosti 1979, dhoruba ilipoua mabaharia 15, Contessa 32 iitwayo Assent ndiyo pekee iliyomaliza katika daraja la vyombo vidogo zaidi.

Chini ya maji vinaachana kabisa. Kile cha 26 kina mkuku (uti wa chini ya chombo) mrefu, kinazama mita 1.22, na usukani umening'inia tezini. Ukikipweleza, yaani ukikiacha kikae chini maji yakitoka, wakati wa bamvua ili kusugua bodi, kinakaa vizuri kikiegemea ukuta. Shika usukani kwa chini uutikise kulia na kushoto: ukicheza zaidi ya milimita 3, pini zimelika, zibadilishe. Kile cha 32 kinazama mita 1.68, mkuku wake ni mfupi, na usukani unashikwa na pezi dogo mbele yake. Mkuku mfupi hukifanya kiinamie mbele au nyuma maji yakitoka, kwa hiyo usikipweleze bila magongo na kamba za omo na tezi. Gonga kiungo cha pezi na bodi kwa nyundo ya mbao. Mlio mkavu ni salama. Mlio mzito kama wa ndoo iliyojaa maji maana yake faibaglasi imeachana, na hapo usinunue kabla fundi hajafungua.

Kwa pwani yetu, mita 1.22 inakuingiza nyuma ya miamba ambako 1.68 itasubiri maji yajae. Lakini kukiwa na kusi, mkondo wa kwenda kaskazini unaweza kufika noti 4. Ukielekea kusini kwa noti 5 unabaki na noti moja, uwe na chombo kipi. Hapo hununui futi, unasubiri kaskazi.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili. Bandika utepe kwenye mstari wa maji, omo na tezi, chombo kikiwa kitupu. Pakia madumu ya maji yenye uzito wa safari yako yote, kisha pima utepe umezama kiasi gani kila upande. Omo ikizama kuliko tezi, hamisha madumu upime tena, mpaka chombo kilale sawa. Kikikataa kulala sawa, mzigo wako umekizidi.