Je, wajua kwa nini pimbi huhesabiwa ukoo mmoja na tembo?

Ukimwona pimbi akiota jua juu ya jiwe, Serengeti au kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tembo hakujii akilini. Unaona kitu kama panya mkubwa asiye na mkia, mwenye uzito wa kilo nne hivi. Hata hivyo wataalamu wa wanyama leo wamemweka ukoo mmoja na tembo na nguva, mbali kabisa na panya. Kufikia hapo kumechukua zaidi ya miaka 200 ya ubishi, na katika ubishi huo pimbi amehamishwa ukoo mara kadhaa.

Wapo waliompanga kabla ya sayansi kuwapo. Torati iligawa wanyama kwa kwato na kucheua, na wibari wa kitabu cha Walawi, ambaye ndiye pimbi, akaingia kwenye najisi kwa sababu anacheua lakini kwato zake hazikupasuliwa. Ukweli ni kwamba hacheui. Hutafunatafuna tu hata akiwa hana kitu mdomoni, kwa hiyo aliyemtazama kwa mbali hana lawama. Popo naye amehesabiwa humo pamoja na ndege. Watu walitaka kujua kipi kiliwe na kipi kisiliwe, na kwa haja hiyo mpango ule ulitosha.

Carl Linnaeus, daktari wa Uswidi, alikuwa na haja nyingine: kila kiumbe kipate jina moja linalotambulika popote. Toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae, la mwaka 1758, ndilo lililokubaliwa kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama, kila spishi kwa maneno mawili. Mamalia aliwapanga zaidi kwa meno. Kwa hesabu yake tembo hakuwa na meno ya mbele ya kukatia, basi akamweka kundi moja na kakakuona, slothi wa Amerika na jamaa ya nguva. Kumbe pembe za tembo zenyewe ndizo meno yake ya mbele, yaliyorefuka. Linnaeus aliwakutanisha tembo na nguva kwa sababu isiyo sahihi, na bado akapatia.

Pimbi alipata jina lake la kisayansi mwaka 1766. Peter Simon Pallas, msomi wa Kijerumani ambaye hata miaka 30 hakuwa ametimiza, alichapisha huko The Hague maelezo ya mnyama kutoka Rasi ya Tumaini Jema, akamwita Cavia capensis. Cavia ni jenasi ya simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa waliotoka Amerika ya Kusini. Kwa umbo la nje ni jina linaloeleweka kabisa: miguu mifupi, hana mkia, mdomo wa kigugunaji.

Georges Cuvier, bingwa wa mifupa mjini Paris, hakuridhika na umbo la nje. Alitazama magego ya pimbi, akayaona yanafanana na ya kifaru. Miguu ya nyuma ina vidole vitatu, navyo kama vya kifaru. Katika kitabu chake cha 1817 pimbi yumo kwenye kundi la wenye ngozi nene, pamoja na tembo, kifaru, kiboko na nguruwe, ingawa ngozi yake haina unene wa kutajwa. Mimi humpa Cuvier alama nyingi hapa. Alikosea ukoo, lakini alikuwa wa kuheshimiwa kwa kukataa kudanganywa na manyoya.

Hadi wakati huo kusema wanyama wawili ni ndugu ilikuwa namna tu ya kusema wanafanana. Charles Darwin aligeuza jambo hilo mwaka 1859: undugu ni wa damu kweli, na kupanga viumbe ni kutafuta nasaba yao. Hapo swali la pimbi likawa zito. Magego ya pimbi na ya kifaru yanaweza kufanana kwa sababu wote wawili wanasaga majani, bila babu wa karibu kuwapo. Mwaka 1869 Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alimpa pimbi oda (yaani kundi kubwa linalokusanya koo za karibu) yake peke yake, Hyracoidea, na ubishi ukaendelea: yuko karibu na farasi na vifaru, au na tembo?

Mwili wake una ushahidi wa upande wa tembo kwa anayejua pa kutazama. Meno yake mawili marefu ya juu ni meno ya mbele yasiyoacha kukua, kama pembe za tembo. Pembe za ngiri, kwa upande wake, ni chonge, si meno ya mbele. Korodani za dume, kama za tembo, hubaki ndani ya mwili. Mimba yake huchukua miezi saba au zaidi, muda wa ajabu kwa mnyama wa ukubwa huo.

Lakini kilichomaliza kesi ni kemia. Mwaka 1981 watafiti walilinganisha protini ya lenzi ya jicho, wakakuta muhanga, tembo, pimbi na nguva wanaenda pamoja. Uchunguzi wa DNA ukafuata, na mwaka 1998 kundi zima likapewa jina Afrotheria. Humo wameingia pia fuko wa dhahabu, tenreki wa Madagaska na sange, ambaye kwa pua yake ndefu alikuwa amehesabiwa miaka mingi na virukanjia. Wote hao chimbuko lao ni Afrika, enzi ambazo bara hili lilikuwa kisiwa. Pimbi hakutokana na tembo. Wana babu mmoja aliyeishi miaka milioni 60 iliyopita au zaidi. Visukuku vya Fayum, Misri, vinaonyesha kwamba zamani pimbi walikuwa wa aina nyingi, wengine wakubwa kupita nguruwe.

Ndani ya ukoo wenyewe hesabu haijafungwa. Sange mpya wa milima ya Udzungwa, Tanzania, alitangazwa mwaka 2008 baada ya kamera za kutega msituni kumnasa. Perere, yaani pimbi wa mitini, wanatambuliwa kwa kilio: mwaka 2021 spishi mpya ilielezwa kutoka misitu ya Afrika Magharibi, kati ya mito Volta na Niger. Fuvu na DNA vilichunguzwa pia, lakini kilichowashtua watafiti mwanzoni ni kwamba perere wa huko usiku hubweka, wakati majirani zao wa ng'ambo ya mito hiyo hupiga mayowe.