Albamu ya kwanza: maana yake kwa anayekuja kuwa mwanamuziki

Mpiga gitaa wa Mwanjelwa, Mbeya, au mwalimu wa kwaya wa Kihesa, Iringa, ukimuuliza muziki ulimwanzia wapi, mara nyingi atakutajia albamu kabla ya kukutajia mwalimu. Hiyo ndiyo albamu ya kwanza kwa maana ninayoieleza hapa: mkusanyiko wa nyimbo ambao mtu aliusikiliza mzima kwa mara ya kwanza, akaurudia mpaka ukamkaa kichwani, kisha akaanza kupiga au kuimba kwa kuufuata.

Ipo maana ya pili, na ndiyo inayosikika zaidi redioni: albamu ya kwanza anayoitoa msanii mwenyewe. Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, alitoa ya kwake 1995. Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, alijulikana kwanza kwa nyimbo mojamoja, akapata tuzo ya BET 2017, na albamu yake ya kwanza ikaja 2021. Hiyo ya kutoa huandikwa sana. Ile ya kusikiliza, iliyomfanya mtu ashike chombo, haizungumzwi vya kutosha.

Wimbo mmoja unatosha kumfanya mtu apende muziki. Albamu inamfundisha. Ndani yake zipo nyimbo nane au kumi za sauti ileile na wapigaji walewale, kwa hiyo sikio linaanza kutambua kinachojirudia: besi inavyoingia baada ya ubeti, kiitikio kinapopandishwa, mwimbaji anavyovuta pumzi kabla ya mstari mrefu. Tena inakukalisha na nyimbo usizozipenda. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na kukimbiza mbele kulikula betri, basi ukautaka wimbo wa mwisho wa upande A ulisikiliza yote iliyoutangulia. Huko ndiko wengi walikokutana na wimbo ambao baadaye uliwasaidia kuliko ule walioununulia kanda.

Mchukue kijana wa Tukuyu wa miaka ya 1990 mwenye redio kaseti na gitaa la kuazima kanisani. Anataka kulishika solo. Anasikiliza sekunde chache, anasimamisha, anaitafuta sauti kwenye waya, anarudisha nyuma kidogo, anasikiliza tena. Ili kuokoa betri anaichomoa kanda na kuizungusha kwa kalamu ya Bic. Betri zikichoka, kanda inakwenda polepole na muziki wote unashuka. Gitaa na kanda havikubaliani tena. Anazianika betri juani, zikikataa analegeza nyuzi zote sita, au anautafuta wimbo uleule mahali pengine kwenye shingo ya gitaa. Hapo amejifunza kuhamisha wimbo kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine, yaani kuupiga wimbo uleule kwa sauti ya juu au ya chini zaidi, na hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni somo.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, albamu hiyo mara nyingi ilikuwa ya kwaya. Wamisionari Wamoravian na Walutheri kutoka Ujerumani walifika Unyakyusa 1891, na uimbaji wa sauti nne ukaota mizizi makanisani. Kwaya zilipoanza kurekodi kanda, mtoto aliweza kukaa jikoni na kuifuata alto au teno peke yake, siku nzima, akiziacha sauti nyingine zipite. Naamini ndiyo sababu wanamuziki wengi wa huku husikia mwafaka wa sauti mapema kuliko wanavyosikia ngoma. Wengine walilelewa na rumba ya Kongo au muziki wa dansi wa Dar es Salaam, kwa sababu tu kaka au baba mdogo ndiye aliyekuwa na kanda. Albamu ya kwanza ni nadra mtu kuichagua. Anaikuta nyumbani.

Athari yake isichukuliwe kuwa ni kuiga tu. Kuiga kupo, tena ni lazima: bendi zinaanza kwa kupiga kopi, na mwimbaji mchanga huazima mpaka kikohozi cha anayempenda. Lakini kopi haikamiliki. Kwenye albamu kuna magitaa matatu, yeye analo moja, hivyo analazimika kubeba solo na rithimu kwa mkono uleule. Baada ya miaka watu wanausifu upigaji wake wa kipekee, ilhali umetokana na magitaa mawili aliyoyakosa.

Siku hizi mtu anawekewa nyimbo mia kwenye memori kadi pale Kabwe, Mbeya, za wasanii hamsini, na hazirudii mara mbili. Wapo wanaosema albamu ya kwanza imekufa kwa vijana hawa. Sikubaliani nao. Ukikaa na kijana anayejifunza kutengeneza biti, utamkuta anazifuata kazi za prodyuza mmoja kwa waimbaji kumi tofauti: anaisikiliza kiki, yaani ngoma nzito ya chini, anaisikiliza sneya, ile ngoma ya mlio mkali, anajua mahali prodyuza huyo hupenda kunyamazisha besi. Hana jalada wala upande A, lakini anakaa na kazi ya mtu mmoja mpaka aijue kwa ndani, na biti yake ya kwanza utaisikia imetokea huko.