Magurudumu hayajisukumi

"Shemeji, magurudumu ndiyo yanayofanya kazi, wewe unashikilia tu." Nimeyasikia tena juzi, hapa Kigoma, akiambiwa mama aliyemleta mumewe mwenye kiharusi kwa kiti mwendo kutoka Ujiji, huku mgongo wake mwenyewe umekaza hata kuinama hawezi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na maneno hayo yamenichosha.

Kwenye marumaru za wodini yana ukweli. Kiti mwendo kikishaanza kwenda, kinateleza. Lakini nani anaishi wodini?

Mlima ni hesabu tu. Mgonjwa wa kilo 80 na kiti cha kilo 20, jumla kilo 100. Njia ikipanda mita 1 katika kila mita 12, msukumaji anazuia uzito wa kilo 8 hivi usirudi nyuma, na hata akisimama kuvuta pumzi bado ameushikilia. Ikipanda mita 1 kwa 6, ni kilo 16 na ushee. Anayepanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni anazijua kilo hizo kwa miguu yake. Kushuka nako ni kazi: pakiwa pakali, geuza kiti, wewe utangulie chini kinyumenyume.

Kinachoniudhi zaidi ni mchanga, kwa sababu hapo ndipo watu humwita msukumaji mvivu. Wote hutazama gurudumu kubwa la nyuma. Tazama vile vidogo vya mbele! Vinazama, vinajijengea kituta mbele yao, na kila hatua unasukuma mtu pamoja na kituta. Mgonjwa akiwa ameteleza kwenye kalio la kiti, uzito wake umehamia mbele, vinazama zaidi. Halafu wewe unainama na kukaza mikono kwenye mishikio iliyo juu, na nguvu yako yenyewe inakilaza kiti mbele na kuvikandamiza vigurudumu hivyo hivyo. Kadiri unavyojitahidi ndivyo unavyozama. Kijana mwenye misuli naye atakwama.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka, rudisha nyonga za mgonjwa nyuma kabisa. Jaza upepo, maana tairi laini linakula nguvu hata kwenye lami. Penye mchanga, geuka uvute kinyumenyume: sasa mkono wako unavipunguzia mzigo vigurudumu vya mbele, na yale makubwa yanapita.

Mgongo wa mama yule ulipata nafuu kwa kuvuta, sio kwa dawa. Hata hivyo ushauri huu siutoi kwa moyo mweupe. Anayevutwa kinyumenyume haoni aendako, anaona alikotoka tu, na wapo wanaoniambia wanajihisi kama gunia. Mwanzoni nilikuwa nawajibu kwa hesabu zangu za kilo. Siku hizi nanyamaza kwanza, kwa sababu mgongo wa mke na heshima ya mume vyote viwili ni vya kweli, na nimewahi kuamua vibaya pande zote mbili.

Mzee wa Ujiji alikataa katakata kuvutwa mbele ya baraza alilokuwa akicheza bao. Mkewe akamwambia, "Baba, hapo nitakusukuma, uwasalimie." Basi wakifika barazani wanakwenda polepole, uso mbele, salamu zinaitikiwa, na wakishaipita kona mama anageuza kiti.