Mbegu ya avoka haiombe mbolea mingi

Hapa Goma tangu tuko batoto banatuambiaka ukitaka mti ya matunda iote mbio, jaza sashe (kamfuko ka plastike ka kuoteshea mbegu) paka na mbolea ya ngombe. Haiko vile.

Pasua mbegu ya avoka katikati, utaona vipande mbili vinene, ile njo chakula yake, mti ilishaifungia mzigo ya safari, na kamti kadogo katakula pale wiki mingi. Sasa ukiitia ndani ya mbolea mbichi yenye ingali na moto (ingiza kidole utasikia) na chumvi mingi, kamzizi keupe kanaungua kwenye ncha, kanakuwa brauni, kisha unasema mbegu ilikuwa mubaya. Kwa papai njo mubaya zaidi, juu kamzizi kake ni kadogo sana.

Kenye mbegu inaomba kwanza ni hewa na maji yenye kupita. Miye ninachanganya udongo sehemu mbili, mchanga moja, mbolea yenye ilioza muzuri moja, ile haina tena harufu. Kama hauna mchanga, tuchangarawe tweusi twa volkano, twenye tuko bure kwenye maparsele mingi, tunasaidia vilevile, maji haisimame. Toboa sashe chini, ncha ya mbegu ya avoka iangalie juu. Mbolea mingi utaitia kisha, siku mti iko na majani yake na unaihamisha kwenye shimo.