Injini ya kasi kwa bajeti ndogo: pesa ya kwanza iende wapi

Vijana wengi wanaoleta magari gereji hapa Tanga huja na orodha kichwani: turbo, kemshafti kali (mhimili unaofungua valvu), sailensa ya kunguruma. Ni nadra kumpata anayeuliza habari za oili. Inaniuma sana kumwona mtu amejibana muda mrefu akinunua vitu vya kuongeza nguvu, halafu injini inanoki, yaani inakufa, hata Muheza hajafika. Msimamo wangu sijawahi kuubadilisha: kama mfuko ni mdogo, shilingi za mwanzo zilipe vipimo, usafi, oili na upoozaji. Nguvu itafuata, na itakaa.

Tuanze na kinachoua injini. Wengi wanadhani konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu unaozunguka), huvunjwa na mlipuko wa mafuta ndani ya silinda. Kwenye injini isiyo na turbo, mara nyingi adui ni mzunguko. Pistoni ikifika juu inasimama, kisha inageuka kurudi chini, na konrodi pamoja na bolti zake mbili ndizo zinazoivuta. Mzigo huo unapanda kwa mraba wa mzunguko. Ukitoka mizunguko 6,000 kwa dakika kwenda 7,000, umeongeza mzunguko kwa sehemu moja ya sita tu, lakini konrodi inavutwa kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 36. Ndiyo maana mtu anayeondoa kikomo cha mzunguko kwenye komputa ya gari, bila kugusa kitu kingine, ameshaandika tarehe ya msiba wa injini yake.

Kuna hesabu rahisi ninayoifanya kabla sijamshauri mtu anunue injini gani. Chukua urefu wa safari ya pistoni, zidisha kwa mbili, zidisha kwa mzunguko, gawanya kwa 60. Unapata mwendo wa wastani wa pistoni kwa sekunde. Chukua injini tatu za Toyota. Kwa mizunguko 7,000, 1ZZ-FE yenye safari ya milimita 91.5 inafika mita 21.4. 3S yenye milimita 86 inafika mita 20.1. 1JZ, ambayo safari yake ni milimita 71.5 tu, iko mita 16.7. Kwa injini ya kawaida yenye vyuma vya kiwandani, mimi huanza kuwa na wasiwasi nikipita mita 20. Ni kweli 3S-GE ya Altezza ya gia za mkono inatoa nguvu zake za juu kabisa kwenye 7,600, lakini ile Toyota waliijenga kwa kazi hiyo. Usiitumie kama hoja ya kuitesa 3S-FE ya Noah.

Kwa hiyo mtu akitaka gari la kutembea kwa nguvu na lisimfilisi, jibu langu mara nyingi ni 1JZ-GE. Ina bloki ya chuma cha kusubu, krenki iliyoshikwa sehemu saba, na safari fupi ya pistoni. Mwenye Mark II GX100 yenye injini ya 1G-FE anaweza kuifunga bila kukata bodi, kwa sababu JZX100, yaani Mark II yenye 1JZ, ilitoka kiwandani na bodi ileile. 1ZZ siichagui kwa kazi hii. Bloki yake ni ya aluminiamu yenye silivu (kuta za ndani za silinda) nyembamba za chuma, na zile za miaka ya mwanzo zina matundu machache mno ya kurudisha oili kwenye pistoni, ndiyo maana zinakula oili.

Ukienda Dar kutafuta injini ya mtumba, nenda na geji yako mwenyewe ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Muuzaji atakuwashia injini, utaisikia imetulia, na hilo halikwambii kitu. Toa plagi zote, kanyaga mafuta mpaka mwisho, betri iwe imejaa, kisha zungusha kwa staata mpaka mshale wa geji usimame. Usihangaike sana na namba kubwa, angalia tofauti. Vitabu vya Toyota huruhusu tofauti ya baa 1 hivi kati ya silinda na silinda. Ikizidi hapo, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda iliyo chini na upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ikibaki palepale, ni valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Ukikataliwa kupima, ondoka. Injini zipo nyingi.

Sasa umeileta, umeifungua. Hapa ndipo bajeti inapopona au inapokufa, maana mtu hukimbilia kununua pistoni mpya kabla hajajua zile za zamani zina shida gani. Silinda inapimwa sehemu tatu: juu karibu na mwisho wa safari ya ringi, katikati, na chini. Kila sehemu unapima mara mbili, mara moja kwa kufuata krenki ilivyolala, mara nyingine kwa kuikata. Juu ndiko kunakolika zaidi, na upande unaokata krenki hulika kuliko ule mwingine. Hata kabla ya geji, pitisha ukucha ukutani kuelekea juu. Ukikwama kwenye ngazi, silinda imeliwa. Ukuta ukiwa bado ndani ya kipimo cha kitabu, huhitaji kuboa, yaani kupanua silinda. Kuhoni tu (kuukwaruza ukuta kidogo kwa jiwe) na ringi mpya zinatosha, na hapo umeokoa pesa ya pistoni nzima.

Nafasi ya oili kwenye beringi za krenki (vikalio inamozungukia) naikadiria kwa kanuni ya zamani ya mafundi: sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo ya krenki. Shingo ya milimita 48 inataka kama milimita 0.05. Mwanya wa ringi ya juu, kwa injini isiyo na turbo, ni sehemu nne za elfu za kipenyo cha silinda. Silinda ya milimita 86 inataka milimita 0.34 hivi. Ukiubana zaidi, ringi ikipata moto inarefuka, ncha zinagusana, na inaondoka na kipande cha pistoni. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Lakini pima. Ringi mpya kutoka kwenye boksi si ringi iliyopimwa.

Bolti za konrodi na hedi zifungwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), na uzi wake uwe na oili au mkavu kama kitabu kinavyotaka. Bolti yenye oili ikifungwa kwa kipimo cha bolti kavu inavutika kupita kiasi.

Jambo ambalo ningependa kila fundi kijana wa mji huu alishike ni kuosha bloki. Baada ya kuhoni, unga wa jiwe unabaki umejikita kwenye mikwaruzo ya ukuta wa silinda. Wengi huosha kwa petroli au mafuta ya taa. Petroli inaondoa oili na kuuacha unga palepale, na unga huo ndio utakaosaga ringi mpya na beringi kuanzia siku ya kwanza. Tumia maji ya moto na sabuni ya unga, sugua kwa brashi ngumu, pitisha brashi nyembamba kwenye kila njia ya oili. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye oili safi, futa ndani ya silinda. Kitatoka cha kijivu. Osha tena, futa tena, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Na kwa sisi tunaopigwa na upepo wa bahari, usiende kunywa chai kwanza. Chuma kitupu kilicholowa maji hapa Tanga kinashika kutu ukikiangalia. Kikaushe kwa hewa na ukipake oili hapohapo.

Upoozaji una kisa chake. Gari likichemsha, fundi anatoa themostati na kuitupa. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina valvu mbili: moja inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, nyingine kwa wakati uleule inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima na sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinakataza kuitoa hata kama gari linachemsha. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata joto, komputa inaendelea kumwaga mafuta mengi, na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Weka themostati orijino. Nunua na mfuniko mzuri wa rejeta, kwa sababu shinikizo la baa 0.9 linapandisha kiwango cha maji kuchemka mpaka karibu nyuzi 118. Mfuniko uliolegea unakurudisha kwenye 100. Na weka kulanti, maji maalumu ya rejeta. Maji matupu ya bomba yanakula aluminiamu ya hedi na pampu ya maji.

Kipimo changu cha mwisho cha taimingi (wakati plagi inapotoa moto) na joto ni mlima wa Mombo kwenda Lushoto. Kona ni kali, mwendo mdogo, mzigo mkubwa, upepo wa kupooza rejeta kidogo. Huko ndiko injini inapopiga kelele kama kokoto ndani ya kopo, na kelele hiyo ni mafuta yanayojilipua yenyewe kabla moto wa plagi haujamaliza kazi yake. Ukiisikia, ondoa mguu mara moja. Sababu zake ni taimingi iliyosogezwa mbele mno, hewa ya moto, mchanganyiko wenye mafuta machache, au kaboni juu ya pistoni. Injini inayopanda Lushoto bila kelele hiyo, na mshale wa joto umetulia, naikabidhi kwa mwenyewe bila hofu.

Kuhusu hewa, nitasema kidogo tu. Zile filta za wazi zinazofungwa ndani ya boneti zinavuta hewa ya moto ya injini. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, hewa inapungua uzito kwa takriban asilimia 3, na nguvu inapungua nayo. Boksi la kiwandani lenye filta safi na bomba linalovuta hewa ya nje, mbele ya rejeta, ni bora kuliko filta ya rangi nyekundu. Ekzosi ya upana wa wastani isiyo na mikunjo inatosha.

Injini mpya isiachwe ikiunguruma gari limesimama nusu siku ati inazoea. Ringi hukaa kwa mzigo. Ikishapata joto na hakuna panapovuja, nenda nayo barabara ya Segera: kanyaga mafuta nusu mpaka robo tatu kwenye gia ya tatu, panda mpaka 4,000, kisha achia mguu gari lijivute lenyewe. Rudia hivyo mpaka Muheza na kurudi. Mwaga oili hiyo ya kwanza mapema, pasua filta, tandaza karatasi yake juani. Pitisha sumaku. Vinyweleo vichache vya chuma ni kawaida. Vipande vinavyong'aa visivyoshikwa na sumaku ni beringi, na hapo unashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Na turbo? 1JZ-GE yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili wakati wa valvu kufunguka) ina kompresheni ya 10.5 kwa 1, wakati 1JZ-GTE ya mwanzo, ambayo ina turbo ya kiwandani, ilitengenezwa na 8.5. Kufunga turbo juu ya GE bila kubadilisha nozeli zinazopuliza mafuta, pampu ya mafuta na programu ya komputa ni kutafuta ile kelele ya Mombo ukiwa kwenye barabara tambarare. Anayeitaka kweli asubiri apate GTE kamili, na komputa yake na waya zake. Asiyeweza kusubiri abaki na GE, na pesa iliyobaki anunue matairi, pedi na oili mpya ya breki, kwa sababu gari hilo sasa litafika kwenye kona mapema kuliko alivyozoea.