Ugonjwa wa misuli na dawa ya usingizi

Hapa Bukavu, Kadutu hadi Ibanda, wapo wanaoamini kwamba mwenye ugonjwa wa misuli akilazwa usingizi kwa operesheni hataamka, hivyo heri asipasuliwe kabisa.

Hofu hiyo ina mzizi. Suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli ili mrija wa hewa uingizwe kooni, ikidungwa kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne (wa kurithi, unaodhoofisha misuli polepole) inaweza kufanya misuli imwage potasiamu nyingi kwenye damu, moyo ukasimama. Gesi za usingizi kama halotani nazo huepukwa kwake. Lakini hizo zinajulikana, na njia nyingine zipo: propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, au ganzi ya sehemu tu. Miastenia, ugonjwa unaofanya misuli ichoke upesi, ina mambo yake: vekuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli, hata ikiwa kidogo huilegeza kwa muda mrefu, basi dozi hupunguzwa sana.

Kinachosahaulika zaidi, naona, ni saa za baadaye. Mgonjwa ameamka, anaongea, ila misuli ya kupumua na kukohoa bado dhaifu. Uliza mapema kama kuna oksijeni, mashine ya kupumulia na muuguzi wa kumwangalia usiku.

Hakikisha mwenyewe pia. Karatasi ya ndani ya boksi la dawa, kwetu mara nyingi ya Kifaransa, hutaja wasiopaswa kuipewa. Mwambie mtaalamu wa usingizi jina la ugonjwa kabla ya siku ya operesheni, na kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida. Mengi ya magonjwa haya hurithiwa. Kama jina hulijui, eleza dalili: kope zinazoanguka jioni, au mtoto anayejishika mapaja ili asimame.