Riba, hisa na shilingi "nzito": dhana zinazotugharimu fedha zetu

Kila Juni, nchi za Afrika Mashariki zinaposoma bajeti, hoja zilezile hurudi vijiweni, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp. Uchumi umekua, kwa hiyo kuna mtu amekula fungu letu. Riba ingeshuka kesho kama Bunge lingekuwa na ubavu. Shilingi ya Kenya ni nzito kuliko ya Tanzania. Hisa ni kamari, na hatifungani, yaani karatasi za kuikopesha serikali kwa miaka kadhaa kwa riba, ni mambo ya vigogo. Nyingi kati ya hoja hizi zina chembe ya ukweli, ndiyo maana hazifi. Shida ni kwamba watu huzitumia kuamua wakope wapi, waweke akiba wapi na wamlaumu nani.

"Uchumi umekua kwa asilimia 5, mbona mfukoni hamna kitu?"

Swali ni la haki. Kasoro iko kwenye matarajio yaliyo nyuma yake. Asilimia ile hupima pato la taifa zima, na taifa lenyewe linaongezeka watu. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, sawa na ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka. Uchumi ukikua kwa asilimia 5.5, kama ilivyokuwa mwaka 2024, kinachobaki kwa kila kichwa ni asilimia 2 na ushee. Kwa mwendo huo, pato la mtu mmoja huchukua kama miaka 30 kufika mara mbili ya lilivyo leo.

Halafu lazima tuulize ukuaji umetokea wapi. Madini, ujenzi, mawasiliano na huduma za fedha vimekwenda mbio kuliko kilimo, na kilimo ndicho kilichobeba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote huku kikichangia takribani robo tu ya pato la taifa. Mgodi wa Geita ukitoa dhahabu nyingi zaidi, takwimu inapanda mwaka huohuo, lakini mkulima wa mahindi Songea anaweza kuvuna na kuuza kwa bei ileile ya mwaka jana. Umaskini wa mahitaji ya msingi nchini ulikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, ukashuka hadi 28.2 mwaka 2011/12, kisha 26.4 mwaka 2017/18. Angalia kipande cha pili: miaka sita ya uchumi kukua kwa kasi kubwa, na umaskini haukupungua hata kwa alama mbili. Wanaosema ukuaji ni uongo wa serikali wamekosea, kwa sababu umaskini ulipungua. Wanaosema ukuaji peke yake utatufikisha wamekosea vilevile.

"Riba ni roho mbaya ya benki, sheria ingemaliza"

Hapa sina budi kukaa kidogo, maana dhana hii imewahi kujaribiwa kwa vitendo na jirani yetu, na majibu yapo.

Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alisaini sheria iliyoweka kikomo cha riba ya mikopo Kenya: benki isitoze zaidi ya alama 4 za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu. Kabla ya hapo riba ya wastani ilikuwa karibu asilimia 18, na wakopaji wadogo wengi walilipa zaidi ya 20. Baada ya sheria, kikomo kikawa asilimia 14 hivi. Watu walishangilia, na nawaelewa kabisa. Anayelipa mkopo wa asilimia 22 kwa duka la vipuri anajua uchungu wake.

Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Benki iliyopangiwa bei haikulazimika kuuza. Kwa mfanyakazi wa serikali mwenye mshahara unaopitia benki, asilimia 14 ilitosha kufidia hatari, akakopeshwa. Kwa mama mwenye kibanda cha mitumba Gikomba, asiye na hati ya nyumba wala hesabu zilizokaguliwa, haikutosha. Hakukatazwa kwa barua. Aliambiwa tu arudi wiki ijayo, alete dhamana, alete mdhamini. Wakati huohuo serikali ilikuwa inakopa ndani ya nchi, ikilipa asilimia 11 kwa karatasi zake za mkopo za mwaka mmoja na zaidi ya 12 kwa hatifungani za muda mrefu, bila hatari ya kutolipwa. Kwa nini benki ihangaike na mama wa mitumba kwa nyongeza ya alama mbili? Mikopo kwa sekta binafsi, ambayo ilikuwa imeanza kupungua kasi kabla ya sheria, ilikua kwa kama asilimia 2 tu mwaka 2017.

Yule mama hakuacha kuhitaji fedha. Alikwenda kwenye mikopo ya simu. M-Shwari, kwa mfano, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa mwezi mmoja, na kwa kuwa iliitwa ada, kikomo cha riba hakikuigusa. Piga hesabu ya miezi 12: ni asilimia 90. Na hiyo ni miongoni mwa zile zenye adabu. Zipo programu zilizotoza zaidi na kupigia simu ndugu na majirani wa mdaiwa. Tanzania tuna jina la mikopo ya namna hii, kausha damu, na kila mwenye kuijua anajua jina limestahili. Novemba 2019 kikomo kiliondolewa.

Je, benki zetu hazina lawama? Zinazo. Ushindani ni hafifu, ada zimefichwa kwenye maandishi madogo, na faida za baadhi ya benki kubwa haziendani na huduma anayopata mteja mdogo. Lakini bei ya fedha huanzia kwa mkopaji mkubwa kuliko wote, yaani serikali. Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Ilitafuta shilingi bilioni 70, ikachukua bilioni 241, na ikakubali kulipa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Mwenye fedha anayepewa hiyo bila jasho atamkopesha fundi seremala kwa ngapi? Ukitaka riba ya mkopo wako ishuke, fuatilia nakisi ya bajeti, yaani pengo kati ya matumizi na mapato ya serikali, na matokeo ya minada ambamo Benki Kuu huuza hatifungani za serikali, kwa makini uleule unaotumia kumfuatilia meneja wa tawi. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi sekondari.

"Shilingi ya Kenya ni nzito, kwa hiyo uchumi wao ni imara zaidi"

Dola 1 hununua kama shilingi 130 za Kenya na zaidi ya 2,000 za Tanzania. Kutokana na namba hizo watu hutoa hukumu ya nchi nzima. Kwa hesabu hiyo Japani, ambako dola imekuwa ikienda kwa yen 150 hivi, ingekuwa maskini kuliko Kenya.

Mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanzisha kila moja sarafu yake, shilingi zote tatu zilikuwa sawa: dola 1 kwa shilingi 7.14. Pengo la leo ni historia ya miaka 60 ya mfumuko wa bei na sera, hasa miaka ya 1970 na 1980. Tanzania ilishikilia bei rasmi ya shilingi wakati maduka yakiwa tupu, na mpango wa kufufua uchumi ulipoanza mwaka 1986, dola ilipanda ghafla kutoka shilingi 17 hadi 40. Namba yenyewe haisemi kitu kuhusu leo. Kinachosema ni mwendo wake. Shilingi ya Kenya ilidondoka hadi 160 kwa dola Januari 2024 kwa sababu kila mtu alikuwa anauliza kama nchi itaweza kulipa deni la dola bilioni 2 lililoiva Juni mwaka huo. Ilipokopa upya Februari na kulipa sehemu ya deni, wasiwasi ulipungua na sarafu ikarudi 130 ndani ya miezi michache. Bei ya kukopa upya? Riba ya asilimia 9.75 kwa dola, ilhali deni la zamani la miaka 10 lilikuwa la 6.875.

Na mfumuko wa bei ukishuka usitegemee unga urudi bei ya zamani. Mfumuko ni kasi ya kupanda. Ukitoka asilimia 7 hadi 3, bei bado zinapanda, ila polepole.

"Hisa ni kamari"

Dhana hii ina mzazi wake, na ni toleo la hisa za Safaricom la mwaka 2008. Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, wengine walikopa benki ili wanunue, wakitarajia kuuza kwa faida baada ya wiki mbili. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara nyingi, kila mtu akapewa sehemu ndogo. Juni zikaanza kuuzwa sokoni, zikapanda kidogo, kisha msukosuko wa fedha duniani ukafika. Mapema 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa aliumia vibaya: hisa imeshuka, na deni linamdai riba.

Jirani yake aliyenunua hisa 1,000 kwa akiba yake na kuzisahau ana simulizi nyingine. Alitoa shilingi 5,000. Mwaka 2021 hisa ilivuka shilingi 40. Ikashuka tena hadi chini ya 15 mwishoni mwa 2023, kwa sehemu kubwa kwa sababu Marekani ilipandisha riba na wawekezaji wa nje wakaondoa fedha zao katika masoko kama letu. Kampuni ilikuwa ileile, yenye wateja walewale. Gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa miaka ya 2023 hadi 2025, sawa na shilingi 1,200 kila mwaka kabla ya kodi kwa mtu aliyetoa 5,000. Wote wawili walinunua karatasi moja siku moja. Kilichowatofautisha ni fedha walizotumia na muda waliojipa.

Hatari halisi ipo, ila haipo pale watu wanapoiangalia. Miaka ya 2007 na 2008 kampuni za madalali wa hisa zilianguka Nairobi, na wateja wakakuta hisa zao zimeuzwa bila ruhusa. Taarifa ya akaunti yako ya hisa usiisubiri kwa dalali. Iombe kwenye hifadhi kuu ya hisa, yaani taasisi inayotunza kumbukumbu za nani anamiliki hisa zipi, na uisome. Hatari nyingine ni udogo wa soko. Dar es Salaam, hisa za kampuni kadhaa hupita siku bila mnunuzi hata mmoja, kwa hiyo fedha ya ada ya shule ya Januari haifai kukaa huko.

"Hatifungani ni za matajiri"

Kwa mnada wa Tanzania kianzio ni shilingi milioni 1. Kwa Kenya ni shilingi 50,000, na hatifungani ya M-Akiba ya mwaka 2017 iliuzwa kwa simu kuanzia 3,000. Vikoba na vyama vingi vina zaidi ya hiyo kwenye sanduku.

Ila asikudanganye mtu kwamba haina hatari kabisa. Aprili 2022, Tanzania ilishusha riba ya hatifungani ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mwenye ile ya zamani ya milioni 1 analipwa 159,500 kwa mwaka, wa mpya 125,600, hivyo ya zamani ikawa inauzwa zaidi ya milioni 1 sokoni. Riba zikipanda, mambo hugeuka. Aliye na karatasi ya miaka 20 ya asilimia 12, akitaka kuuza wakati mpya zinalipa 15, atapata kama shilingi 810,000 kwa kila milioni aliyoweka. Akiishikilia hadi iive, atalipwa milioni yake yote. Kwa hiyo kabla kikundi hakijapeleka ombi kwenye mnada, wanachama wakubaliane kwanza nani anaweza kudai fungu lake kabla ya muda, na atalipwa kutoka wapi.